Miti mizuri mahali pabaya: uchambuzi wa kisa cha hamoki katika korongo kavu

Majina ya wahusika, jina la korongo, la kaunti na tarehe kamili vimeondolewa. Wahusika wote walikubali kisa chao kiandikwe ili wengine wanaopanga safari kama hii wajifunze. Nilizungumza na kila mmoja wao peke yake, kisha nikazungumza na mzee mwenyeji aliyewaongoza, kwa sababu masimulizi ya kundi yakishakaa wiki kadhaa Nairobi huanza kufanana.

Usuli

Kundi lilikuwa la watu sita, wanaume wanne na wanawake wawili, wote wakaazi wa Nairobi. Kutembea walikuwa wamekuzoea. Ngong walikuwa wakienda mara kwa mara, Longonot na Aberdare walikuwa wamefika, na watatu kati yao walikuwa wamesimama Point Lenana, Mlima Kenya. Kulala nje pia halikuwa jambo geni kwao. Kigeni kilikuwa ukame: hakuna hata mmoja aliyewahi kulala mahali ambapo mti ni kitu cha kutafutwa.

Walitaka kushuka korongo moja kavu kaskazini mwa Kenya kwa siku nne, wakilala njiani mara tatu na kubeba kila kitu mgongoni. Walichagua wiki ya Pasaka kwa sababu ndiyo iliyowawezesha kuunganisha sikukuu na siku chache za likizo. Ningependa msomaji ashike hilo. Pasaka huangukia Machi au Aprili, na masika ya Kenya huwa kati ya Machi na Mei. Likizo inayomfaa mfanyakazi wa Nairobi ndiyo inayokutana na mwanzo wa mvua.

Katika maelezo haya nitawaita watatu kwa kazi zao: Kiongozi, Fundi na Muuguzi. Mwenyeji nitamwita Mzee, kama walivyomwita wao.

Maandalizi Nairobi

Uamuzi wa kubeba hamoki, yaani kitanda cha kitambaa kinachoning'inizwa kati ya miti miwili, ulitokana na maji. Visima vya mchangani vilivyo njiani vingeweza kuwa vimekauka, kwa hiyo kila mtu alipangiwa kubeba lita sita, yaani kilo sita kabla ya chakula na nguo. Hema lao la watu wawili lilikuwa na uzito wa karibu kilo tatu. Hamoki na mikanda yake haikufika kilo moja na nusu. Wakaamua kuacha mahema yote, na hesabu yao ilikuwa na mantiki.

Hamoki tatu zilinunuliwa mpya na tatu zilitoka soko la mitumba la Gikomba. Mikanda ilikuwa wazo la Fundi. Alinunua Kirinyaga Road mikanda ile ya kufungia mizigo kwenye lori, yenye upana wa sentimita tano, akaikata vipande vya mita tatu na kuishonea vitanzi mwenyewe. Ulikuwa uamuzi mzuri kuliko vile walivyodhani. Mkanda mpana haukati ganda la mti, na ule wa poliesta haunyooki usiku kama kamba ya nailoni, ambayo humlaza mtu juu jioni na kumkuta amegusa ardhi alfajiri.

Mafunzo waliyapata kwenye video za wapanda makorongo wa Utah na Arizona. Humo waliona sehemu za kambi zinazovutia kweli: kuta nyekundu za mwamba, kijito chembamba, na miti ya Fremont cottonwood yenye mashina mazito, miti inayoota palipo na maji karibu na uso wa ardhi. Walichotoka nacho ni kwamba chini ya korongo ndiko kwenye miti. Kiongozi akafungua picha za setilaiti, akafuata korongo lao kutoka juu hadi chini, na akaweka alama tatu kwenye vidoa vya kijani. Hizo ndizo zikawa kambi.

Mazoezi yalifanyika uwanjani kwa mmoja wao huko Rongai, kwenye nguzo mbili za chuma zilizoachana mita nne na nusu. Kila mtu alijifunza kufunga na kufungua hata gizani. Ila nguzo za Rongai hazina miiba wala mchwa, na hazibadilishi umbali.

Siku ya kwanza

Gari lilichelewa na walianza kutembea saa nne asubuhi. Kabla ya hapo walikuwa wamepita kwa chifu na kwenye kituo cha polisi kueleza njia yao, na chifu ndiye aliyewapa Mzee. Alasiri walifika kwenye alama ya kwanza, kona pana ya laga, yaani mto wa msimu, yenye migunga mikubwa upande wa kushoto. Kwa mara ya kwanza picha ya setilaiti na ardhi vilikubaliana.

Wakiwa bado wanashusha shanta alitokea mama mmoja na mbuzi wake, akauliza kwa Kiturkana wageni hawa wanafanya nini na mti wake. Kiongozi alijibu kwa adabu kwamba wameruhusiwa na chifu. Mzee akamkatiza: "Chifu amewaruhusu mpite, mwanangu. Mti ni wa watu."

Hili ni jambo ambalo mtembezi wa Nairobi hawezi kulibashiri. Miongoni mwa Waturkana kuna utaratibu unaoitwa *ekwar*, ambao huzipa familia haki juu ya miti iliyo kando ya mito ya msimu. Maganda ya mgunga ni chakula cha mbuzi wakati nyasi zimekwisha. Mgeni anayefunga mkanda, kutikisa matawi na kukata mawili matatu yanayomzuia anaharibu akiba ya mtu. Mama alikubali kwa masharti: wasikate tawi, wasiwashe moto chini ya mti, na waondoke kabla ya mbuzi kurudi asubuhi. Walitii yote.

Tatizo la pili lilikuwa umbali. Migunga mikubwa haisongamani, maana kila mmoja hutawala maji ya eneo lake. Jozi moja tu ilikuwa na nafasi ya mita tano. Nyingine ziliachana mita nane au zaidi. Kwa mita nane, ili mkanda ushuke kwa pembe ya nyuzi 30 inayofaa, ungehitaji kufungwa karibu mita mbili na robo tatu kutoka ardhini, juu kuliko mkono wa mtu mrefu unavyofika. Wakafunga pale walipofikia na kuvuta hadi mkanda ukakaribia kulala sawa.

Hapa hesabu ni ya lazima. Mtu wa kilo 80 akilala kwenye hamoki yenye mikanda ya nyuzi 30, kila mkanda unabeba nguvu ya karibu kilo 80. Pembe ikishuka hadi nyuzi 15, kila upande unabeba karibu kilo 155. Ikifika nyuzi 10, ni kilo 230. Mti hauoni tofauti hiyo. Mshono wa hamoki ya mtumba unaiona. Karibu saa sita usiku mmoja wao alianguka mchangani pamoja na kitambaa kilichopasuka kichwani. Hakuumia. Alimalizia usiku chini, na hakuna aliyejiuliza maana ya hilo kwa siku zilizobaki.

Siku ya pili

Korongo lilianza kubana. Kuta zilipanda pande zote mbili na migunga ikaisha. Alama ya pili ya Kiongozi, iliyoonekana kwenye simu kama kichaka kizito cha kijani, ilikuwa miswaki. Mswaki hukaa kijani hata jua linapochoma kila kitu, ndiyo sababu unang'aa sana ukitazamwa kutoka juu. Ila matawi yake ni mengi, membamba, yameinama na kuingiliana. Hakuna shina la kufungia chochote.

Wakaendelea. Saa kumi jioni, wakiwa wamechoka na wamebakiwa na maji ya kupikia na kunywa usiku huo tu, walifika mahali ambapo korongo linapanuka kidogo. Katikati ya laga palikuwa na mikoma, mashina yaliyonyooka, nafasi ya mita nne hadi tano kati ya jozi na jozi, mchanga safi chini, na kisima cha mchangani hatua chache pembeni. Muuguzi aliniambia kwamba wote walianza kutabasamu kabla hata hawajasimama. Ilikuwa ile kambi ya kwenye video.

Mzee hakutua mzigo. Alisogea kwenye mkoma mmoja, akanyosha mkono juu kidogo ya kichwa chake na kuvuta kitu kilichonaswa kwenye mabaki ya makuti. Kilikuwa fundo la nyasi kavu, vijiti, na kipande cha ndala ya bluu. Akampa Kiongozi. Kisha akaonyesha mikoma mingine: kila mmoja ulikuwa na fundo la aina hiyo upande wa juu wa korongo, na yote yalikuwa kimo kimoja.

Kiongozi alielewa, ila alikuwa na hoja zake na ni haki zisikike. Anga ya juu yao ilikuwa wazi. Fundo lingeweza kuwa la miaka mingi. Watu walikuwa hoi, na uchovu nao ni hatari kwenye miamba. "Mzee, tulale hapa, alfajiri tuondoke," alisema. Mzee akajibu kwamba mvua ya laga hii hainyeshi hapa, hunyesha kule, akaelekeza kidole kwenye milima ya magharibi ambako mawingu yalikuwa yameanza kukaa. Akaongeza la pili: kisima kile ndicho wanachonywea mifugo mchana na fisi usiku.

Mjadala ulichukua karibu nusu saa. Muuguzi ndiye aliyeumaliza kwa kuuliza swali moja: maji yakija saa nane usiku, nani ataamka, atatoka kwenye hamoki, atavaa viatu na kupanda ukuta gizani? Hakuna aliyejibu. Wakachota maji na kupanda.

Juu ya laga, kama mita saba hivi, kulikuwa na ukingo mpana wa mawe na changarawe, na mgunga mmoja tu. Fundi alipendekeza ncha ya pili ya hamoki ifungwe kwenye jabali lenye ukubwa wa friji lililokuwa limekaa pale. Alilizungushia mkanda, kisha akaomba wanne walisukume kabla ya mtu kulalia. Jabali lilicheza. Halikucheza sana, lakini kila mmoja alisikia changarawe ikisaga chini yake. Wakaliacha. Walipata pembe ya mwamba iliyoota kutoka kwenye ukuta wenyewe, isiyokuwa kipande kilichokaa juu ya kingine, wakaweka kipande cha zulia kuukuu chini ya mkanda usisagike, na hamoki mbili zikaning'inia kati ya pembe hiyo na mgunga, zote zikitumia mti mmoja. Wanne waliobaki walitandika hamoki zao chini kama shuka.

Chini ya shuka hizo hapakuwa na mkeka wala turubai. Turubai zilikuwapo mbili na zilikuwa zimeshafungwa juu. Karibu saa tano usiku mmoja wao alinyosha mkono nje ya kitambaa na nge akamuuma kwenye kidole.

Uamuzi wa usiku na sababu zake

Muuguzi aliosha jeraha, akafunga kitambaa chenye maji baridi, akampa paracetamol, na hakukata wala kufyonza chochote. Walimkuta nge kwa tochi. Alikuwa na makoleo manene na mkia mwembamba, na hilo lilimpa Muuguzi matumaini kiasi, kwa sababu kwa kawaida nge wa kuogopwa zaidi ni yule mwenye makoleo membamba na mkia mnene. Hakuitegemea dalili hiyo peke yake. Alikaa na mgonjwa akihesabu pumzi na kuangalia kama ulimi, macho au kumeza kunabadilika. Maumivu yalipanda hadi begani, mkono ukafa ganzi, lakini kupumua kulibaki sawa.

Waliamua kutoondoka usiku. Simu ilishika mtandao juu ya ukuta pekee, na kumpandisha mgonjwa gizani kungeongeza hatari bila kuleta gari lolote kabla ya asubuhi. Walikubaliana kwamba dalili yoyote ya kubanwa pumzi ingebadilisha uamuzi huo papo hapo.

Usiku kucha umeme ulimulika upande wa milima. Laga haikushuka maji. Asubuhi mchanga chini ya mikoma ulikuwa vilevile, na wawili walisema wazi kwamba wangelala pale chini wangeepuka nge.

Siku ya tatu na ya nne

Walitembea taratibu. Kufikia adhuhuri mgonjwa alikuwa anabeba shanta yake mwenyewe. Alama ya tatu ya Kiongozi waliipita bila kusimama, kwa kuwa nayo ilikuwa katikati ya laga.

Saa tisa Mzee aliwaingiza kwenye korongo dogo la pembeni ambalo hakuna aliyeliona kwenye picha. Baada ya mwendo mfupi wa kupanda walitokea kwenye bapa kubwa la mwamba mtupu linaloinama, na kwenye mguu wa bapa hilo, juu kabisa ya mkondo, kulikuwa na migunga mitano. Hapakuwa na mchanga wa mto wala fundo la nyasi kwenye matawi. Majani makavu yalikuwa yamelala chini ya miti bila kusombwa. Mzee aliulizwa kama miti hii nayo ina mwenyewe. Akasema ni ya ndugu zake, na kwamba walioishi huku hulala hapa.

Fundi aligonga kila shina kwa jiwe. Manne yalitoa sauti nzito, moja likalia kama debe: mchwa walikuwa wamelila ndani. Waliliacha. Nafasi zilikuwa kati ya mita nne na tano na nusu. Hamoki tano nzima zote zilipanda, mikanda kimo cha mtu, miguu ikiwa juu kidogo kuliko kichwa. Yule ambaye hamoki yake ilipasuka alipewa turubai moja ya kutandika chini, na safari hii mawe yaligeuzwa na ardhi ikafagiliwa kwa tawi kavu kwanza.

Kilichowasumbua usiku huo ni upepo. Jua likishazama, hewa ya milimani hupoa, huwa nzito na kuteremka kwenye makorongo. Ilianza kuvuma saa mbili na haikuacha hadi karibu alfajiri. Aliye kwenye hamoki hupigwa na upepo huo mgongoni, mahali ambapo uzito wake umeshabana begi la kulalia hadi halina joto tena. Waliokuwa na nguo za ziada walizitandaza chini ya mgongo. Siku ya nne walitoka kwa gari lililowasubiri, na mgonjwa alipimwa zahanati akaruhusiwa kuondoka.

Matokeo

Wote sita walirudi Nairobi wazima. Hamoki moja iliharibika, mmoja aliumwa na nge, na kati ya nafasi 18 za kulala walizopanga kuning'inia walipata kumi na tatu tu, wakihesabu na ile ya aliyeanguka usiku wa kwanza. Nimeona makundi yakirudi na rekodi hiyo na kuiita mafanikio. Wao walikaa chini na kuuliza, na ndiyo maana kisa chao kinafaa.

Uchambuzi

*Mafuriko ambayo hayakuja.* Wawili wa kundi bado wanaamini kwamba kupanda ukingoni usiku wa pili lilikuwa kosa, kwa sababu laga ilibaki kavu na nge alikuwa juu. Siwezi kukubaliana nao. Uamuzi hupimwa kwa kile kilichojulikana saa ulipofanywa. Walijua kwamba maji yameshawahi kufika juu ya kichwa mahali pale. Walijua ni mwanzo wa masika na kwamba mawingu yapo kwenye milima inayomwaga maji ndani ya laga hiyo. Walijua pia kwamba hawana njia ya haraka ya kutoka. Hayo yalitosha.

Kwa anayehisi kwamba anga iliyo wazi ni dhamana, Septemba 2019 watu saba walikufa katika bonde la Hell's Gate, mwendo mfupi kutoka Nairobi, walipokumbwa na mafuriko ya ghafla, tena katika mwezi ambao wengi wetu hatuuhesabu kuwa wa mvua. Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa ndani ya Antelope Canyon, Arizona, kwa mvua iliyonyesha mbali juu ya korongo. Mwamba mtupu haunywi maji. Kinachonyesha juu yake chote kinakuja chini, na kinakuja kwa wakati mmoja.

*Kwa nini miti ilikuwa pale.* Hapa ndipo kiini cha kisa hiki kilipo, na ningependa kila anayebeba hamoki kwenda ukameni akitafakari. Katika msitu wa Aberdare, mti hauelezi chochote kuhusu usalama wa mahali. Katika korongo kavu, mti mkubwa umekuwa mkubwa kwa sababu unapata maji. Kwa hiyo swali la kuuliza ukiuona ni: maji haya yanaufikiaje? Mikoma ya usiku wa pili ilinyweshwa na laga yenyewe. Uzuri wake na hatari yake vilitoka kwenye chanzo kimoja, na kadiri mashina yalivyovutia ndivyo walivyopaswa kuwa na shaka.

Migunga ya siku ya tatu ilinyweshwa kwa njia nyingine. Bapa la mwamba lililo juu yake halinyonyi mvua, basi hata manyunyu machache hukusanyika na kuishia kwenye udongo wa mguu wake. Miti hupata maji mara nyingi kuliko uwanda ulio karibu, lakini hakuna mkondo unaoipitia. Mahali pa namna hiyo hupatikana penye kukutana kwa mwamba mtupu na udongo, juu ya alama ya mafuriko, na mara nyingi kwenye makorongo ya pembeni. Tahadhari ni moja: bapa likiwa na mfereji uliochongwa na maji, usilale mbele ya mdomo wake, na tazama juu kama kuna mawe yaliyolegea.

Alama ya mafuriko nayo husomeka bila Mzee. Kuna nyasi na vijiti vilivyonaswa upande wa juu wa shina, ganda lililochubuka upande huohuo, mstari wa rangi ukutani, mchanga uliochujwa safi bila majani makavu juu yake. Majani makavu yaliyolala kwa utulivu ni habari njema.

*Picha ya setilaiti.* Kiongozi aliangalia rangi. Angeangalia vivuli. Picha nyingi hupigwa kabla ya adhuhuri, kwa hiyo mti wenye shina refu hulaza kivuli kilichojitenga na kichaka hakilazi. Programu za ramani zina kipimo cha umbali ambacho kingemwonyesha akiwa Nairobi kwamba migunga ya kambi ya kwanza imeachana mita nane. Bado picha haionyeshi miiba, mchwa, wala mwenye mti. Alama ya setilaiti iitwe mahali pa kwenda kuangalia, na mpango uwe na muda wa kuangalia. Kundi lililofika saa kumi jioni halikuwa na muda huo, na mzizi wa mjadala wa nusu saa ulikuwa gari lililochelewa asubuhi ya siku iliyotangulia.

*Kulala chini.* Nge hakuletwa na uamuzi wa kupanda ukingoni. Aliletwa na shanta zilizofungwa Nairobi bila kitu cha kutandika. Hamoki ikiachwa iwe kitanda pekee, kila mahali pasipo na miti panakuwa shinikizo la kulala mahali pabaya. Kiongozi aliniambia bila kuzunguka kwamba alivutwa na mikoma kwa sababu alijua hawana mkeka. Godoro jembamba la povu lina uzito wa kama gramu 400, na lingefanya kazi kila usiku: chini kwenye ukingo siku ya pili, na ndani ya hamoki kuzuia upepo wa siku ya tatu. Kati ya kila kitu kilichokosekana katika safari hii, hicho ndicho ningekiweka kwanza.

*Kufunga kwenye mwamba.* Jaribio la kusukuma jabali kabla ya kulilalia liliokoa mifupa ya mtu. Hamoki huvuta kwa mlalo, na kitu ambacho hakijawahi kuvutwa hivyo kinaweza kukaa miaka mia bila kuonyesha udhaifu wake, kisha kikamwangukia aliyelala. Pembe iliyo sehemu ya mwamba mama ni jambo tofauti, mradi mkanda ulindwe usisagike na usiweze kuchomoka.

*Video za Utah.* Hazikuwadanganya. Ila wapiga video wa kule hufunga kwenye magome yasiyo na miiba, hawashiriki miti na mbuzi wa mtu, na huko husisitizwa kukaa futi 200, yaani karibu mita 60, kutoka kwenye maji. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ambayo ingewafaa sana kwenye kisima cha mchangani, na ndiyo ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Kundi linapanga kurudi Januari. Kila mtu atabeba godoro la povu, turubai zitakuwa tatu, watu wawili kati ya sita wataacha hamoki nyumbani kabisa, na kambi zitachaguliwa kabla ya saa tisa. Kabla ya kuondoka watamtumia Mzee ujumbe kumwuliza miti ipi ni ya nani. Wanachobishania bado ni pendekezo la Fundi la kubeba nguzo mbili za alumini za kushikilia ncha moja ya hamoki pasipo na mti. Muuguzi anasema uzito wake ni lita nzima ya maji na hataki kuisikia. Mimi niko upande wake.